Siku Tisa za Sifuri

Jumanne, tarehe tatu Februari mwaka 1998, nilikuwa sebuleni kwangu Mlandege, mjini Iringa, nikihamisha vitabu kutoka kwenye rafu iliyokuwa ikivujiwa. Mvua ilikuwa haijakatika kwa siku nne na beseni la kufulia lilikuwa limewekwa katikati ya zulia. Hodi ilipopigwa nilidhani ni fundi wa bati. Mlangoni alisimama mwanamke mrefu wa miaka kama thelathini, amevaa koti la kiume juu ya khanga, ameukumbatia mfuko wa plastiki uliofungwa kwa kamba ya katani. Aliniamkia, akauliza kama mimi ndiye Sekela aliyekuwa akifanya kazi ya kadi Mbeya, halafu akasema anaitwa Kabula, binti wa Masunga, yule msomaji wa ubao wa mto kule Usangu. Baba yake alikuwa amefariki kabla ya Krismasi. Ndani ya mfuko mlikuwa na daftari nene lenye jalada gumu, ambalo kalamu ya risasi ilikuwa bado imening'inia kwenye uzi wake. "Sikuja kudai kitu, mama," alisema. "Baba alikuwa anasema wewe unajua. Nimekuja kuuliza jambo moja tu, nikalale nalo. Baba alikosea?" Nilimtazama, nikayatazama maji yaliyokuwa yakidondoka ndani ya beseni, nikasema, "Ni mambo ya zamani sana hayo, mwanangu. Kunywa chai kwanza." Alikunywa chai. Alikula mkate wote niliomkatia, kwa adabu, bila kurudia swali lake, kisha akaondoka kuwahi basi na kuniachia daftari. Nina miaka arobaini na saba, nafundisha kompyuta kwa makarani na wahasibu wa mji huu, na swali lile lilikuwa na jibu la neno moja. Hiyo ilikuwa mara ya pili kulikimbia.

Mwaka ninaotaka kuusimulia ni ule wa 1974, nilipokuwa na miaka ishirini na mitatu. Chumba chetu cha kazi Mbeya kilikuwa cha nyuma kabisa katika ofisi ndogo iliyokusanya vipimo vya mito, na dirisha lake la pekee lilitazama mlima Loleza, ambao mwezi wa sita ulikuwa ukipotea kwenye ukungu hadi saa nne asubuhi. Ndani mlikuwa na mashine mbili za kutoboa kadi, jiko la mkaa tuliloruhusiwa kuliwasha kwa sababu ya baridi, na watu wawili: mimi na Zarina, binti wa mwenye duka la vitambaa pale Uhindini. Fomu za wasomaji wa mito zilitufikia kwa basi au kwa baiskeli, nasi tulizigeuza kuwa matundu kwenye kadi. Masanduku ya kadi yalipelekwa Dar es Salaam, ambako ndiko kompyuta ilikokuwa, na baada ya wiki kadhaa karatasi za majibu zilirudi zikiwa zimekunjwa kama vitambaa vya dukani kwao Zarina. Mchana tulibadilishana vyakula. Yeye alileta chapati na viazi vya manjano ndani ya mkebe wa chuma wenye ghorofa tatu, mimi nilileta ndizi za kupika, na kila siku alisema kwamba safari hii chumvi nimeisahau, na kila siku alimaliza.

Tulipokuwa tukila tulisoma. Mwaka uliotangulia tulikuwa tumepelekwa Dar es Salaam kwa miezi tisa kufundishwa kuandika programu, na mwalimu wetu, mgeni mmoja mwenye ndevu nyekundu, alitugawia kurasa arobaini za stensili zilizoeleza kompyuta iliyokiongoza chombo kutua mwezini. Tulizisoma hadi pembe zikalainika kama kitambaa. Tulipenda hasa ukurasa ulioeleza jinsi kumbukumbu ya mashine ile ilivyofumwa na wanawake kiwandani, wakiupitisha waya ndani ya pete ndogo za chuma au kando yake: uliopita ndani ulikuwa moja, uliopita kando ulikuwa sifuri. "Hao ni wasusi wa mikeka tu," Zarina alisema, "ila mkeka wao umefika mbali." Nilichokipenda mimi ni kwamba katika mashine ile hata sifuri iliwekwa na mkono wa mtu aliyeamua iwe sifuri. Halafu palikuwa na habari ya kutua kwenyewe. Dakika za mwisho mashine ilizidiwa na kazi, kwa sababu ya kifaa kimoja kilichokuwa kikiiletea mambo isiyoyahitaji. Haikuzimika na haikunyamaza. Ilizitupa kazi ndogo, ikaishika ile ya kutua, na ikapiga kengele ili walioko ndani na walioko duniani wajue kwamba imeelemewa. Walioiunda walikuwa wameketi miaka mingi kabla wakijiuliza nini kitaharibika, na kikiharibika mashine iseme nini.

Mwalimu alitusimulia pia jambo ambalo halikuwamo kwenye kurasa. Alisema mmoja wa watengenezaji wa programu zile aliwahi kuomba kizuizi kiwekwe, ili rubani akiita kazi isiyofaa safarini mashine imkatalie. Alijibiwa kwamba marubani wamefundishwa vizuri mno kufanya kosa kama hilo. Kikaandikwa kijisentensi kwenye kitabu cha maelekezo badala ya kizuizi, na katika safari ya kuuzunguka mwezi rubani mchovu alifanya kosa lilelile, mashine ikasahau iko wapi, na ikabidi watu wafanye kazi saa nyingi kuirudishia akili. Darasa zima lilicheka, na mimi nilicheka kuliko wote.

Mwezi huo wa sita nilitumwa Usangu kukusanya fomu zilizochelewa. Masunga alikuwa amekuja huko na ng'ombe wake kutoka kaskazini miaka michache kabla, na alichaguliwa kuusoma ubao wa mto kwa sababu alijua kuandika na boma lake lilikuwa karibu. Ubao ulikuwa mti uliopakwa rangi nyeupe na namba nyeusi, umesimikwa ukingoni. Asubuhi na jioni alikwenda, akachuchumaa, akasoma, akaandika kwanza kwenye daftari lake mwenyewe na kisha kwenye fomu ya serikali. Mkewe, Mama Kabula, alinikaribisha kwa ugali wa mtama, kambale wa kukaushwa na maziwa ya mgando ndani ya kibuyu, na mtoto wa miaka sita akaja kuzishika nywele zangu bila kuomba ruhusa. "Mnyakyusa gani huyu anakuja mikono mitupu?" Masunga aliuliza. "Ndizi iko wapi? Huko kwenu si ndizi inaota hata juu ya nyumba?" Nilipozipitia fomu zake niliona kwamba katika siku za mafuriko ya masika yaliyopita, siku tisa mfululizo, nafasi ya kipimo ilikuwa wazi. Nilimuuliza sababu.

"Dada, ubao unaisha pale," alisema akinyoosha mkono, "maji yenyewe inaendelea. Ubao umezama wote. Sasa niandike nini, niandike mbingu? Mimi naandika ile naona. Ile sioni, naacha wazi."

"Huyu hata ng'ombe wake mwenyewe hamhesabu kama hajaona mkia," mkewe alisema, akinimiminia maziwa mengine.

"Nikiandika namba sijaona, si nitakuwa nimeidanganya serikali?"

Alinionyesha daftari lake, ambalo halikuwa na mistari ya kumbana. Pembeni ya siku hizo tisa alikuwa ameandika: ubao umezama, maji yamefika mkuyu wa pili. Fomu haikuwa na pembe ya kuandikia maneno kama hayo. Chini yake kabisa palikuwa na maandishi madogo ya Kiingereza yaliyoagiza kwamba nafasi yoyote isiachwe tupu. Masunga hakujua Kiingereza. Nilikunywa maziwa yangu, nikamwambia amefanya vyema, nikaondoka na fomu. Naandika haya taratibu kwa sababu kila kilichofuata kimesimama juu yake: nilijua. Sikudhani wala sikukisia. Nilikuwa nimekaa kwenye kigoda chake, nimeambiwa kwa mdomo wake mwenyewe.

Programu iliyokuwa ikizichambua kadi zetu niliiandika mimi. Lugha tuliyofundishwa ilikuwa na tabia moja ambayo kila mwanafunzi aliijua: ikikuta nafasi tupu kwenye kadi mahali pa namba, inasoma sifuri. Haiulizi. Kwa hiyo nilikuwa nimetanguliza kadi kumi na mbili za kukagua. Zikikuta nafasi tupu, kazi inasimama na mashine inaandika onyo, ambalo niliamua liwe la Kiswahili ingawa kila kitu kingine kilikuwa Kiingereza, na Zarina alicheka hadi machozi alipoliona. Tatizo ni kwamba kadi zile zilisimamisha kazi kila mara. Mito ya nyanda zetu ilikuwa na wasomaji waliougua, waliofiwa, ambao ubao wao ulizama au ulichukuliwa na maji, na sanduku zima lilirudi kutoka Dar es Salaam na onyo moja na hesabu hakuna. Mwaka ule watu walikuwa wakihamishwa kwenda kwenye vijiji vipya, na wakubwa walitaka kujua ni wapi tambarare inafikiwa na maji na wapi haifikiwi. Mwezi wa nane mhandisi wetu, Bwana Kalinga, aliingia chumbani kwetu na rundo la karatasi zisizokuwa na majibu. Alikuwa mtu mpole, mwenye vidonda vya tumbo, aliyekunywa maziwa ya moto mchana kutwa.

"Ndugu Sekela, hizi kadi za mwanzo ni za nini?"

"Za kukagua, Ndugu Mhandisi. Zikikuta nafasi tupu zinasimamisha kazi."

"Zimesimamisha mara ngapi?"

"Mara zote."

"Basi zitoe. Mkoa wanataka namba Ijumaa ijayo, na saa za mashine tumepewa mbili tu. Wasomaji hawa walifundishwa. Mtu aliyefundishwa haachi nafasi tupu, na fomu yenyewe imemwambia."

Zarina aliacha kutoboa. Alinitazama juu ya mashine yake, nami nilijua anafikiri nini, kwa kuwa ile ilikuwa sentensi ya mwalimu wetu, ile tuliyoicheka. Palikuwa na njia ya tatu, na nilikuwa nimekwisha kuichora nyuma ya bahasha: mashine isisimame wala isinyamaze, iziache nje siku zisizo na kipimo, iendelee na zilizobaki, na iandike onyo kwa herufi kubwa juu ya kila jibu. Ndivyo chombo cha mwezini kilivyofanya, kilitupa kisichohitajika na kikapiga kelele. Nilihitaji siku mbili tu. Sikuziomba. Mezani kwa Bwana Kalinga palikuwa na fomu yangu ya kuomba nafasi ya chuo kikuu, ikingojea sahihi yake, na nilijiambia kwamba nitaomba siku hizo baadaye, wakati mzuri. Nilizitoa kadi kumi na mbili kwa mkono wangu, nikazifunga kwa mpira. "Usizitupe," Zarina alisema Kalinga alipotoka. "Hata ile ya mwezini iliruhusiwa kupiga kelele." Niliziweka kwenye mkoba.

Masanduku niliyapeleka mimi mwenyewe. Nakumbuka basi lilivyosimama Ruaha Mbuyuni, abiria wakashuka kununua vitunguu, nami nikabaki nimeyakumbatia masanduku kwa kuogopa kadi zisimwagike na kuchanganyika. Nilikuwa na hofu kubwa juu ya mpangilio wa kadi. Kadi zilifika zikiwa zimepangika kikamilifu, kazi ilipita mara ya kwanza bila kusimama, na fundi wa mashine akanipongeza. Katika karatasi za majibu, siku tisa ambazo mto wa Masunga ulikuwa umeumeza ubao wake zilisomeka sifuri, sifuri, sifuri, kana kwamba mto ulikauka katikati ya masika. Wastani wa mafuriko ukashuka. Tambarare iliyokuwa chini ya mikuyu ikapakwa kijani kwenye ramani. Kijani ilikuwa na maana kwamba watu wanaweza kujenga.

Walijenga. Masunga alipinga, hilo nilikuja kulisikia baadaye. Alimwambia bwana aliyekuja kuwahamisha kwamba maji hufika pale, naye bwana yule akafungua karatasi akamwonyesha. "Kompyuta ya Dar es Salaam imesema hayafiki. Wewe ni nani?" Masunga akabomoa boma lake la juu, akajenga chini pamoja na wenzake. Machi iliyofuata mto ulikuja alfajiri. Masunga alikuwa amekwenda kwenye ubao wake, kule juu karibu na boma la zamani, na Kabula alikuwa amemfuata. Mama Kabula na wadogo wawili wa Kabula walikuwa ndani. Hawakuwa peke yao waliokufa, lakini wao ndio niliokula chakula chao.

Masunga aliitwa Mbeya kuhojiwa mwezi uleule. Nakumbuka chumba cha mikutano, meza ndefu yenye kitambaa cha kijani, vikombe vya chai, sahani ya maandazi ambayo hakuna aliyeigusa. Masunga alisimama, kwa kuwa hakuna aliyemwambia aketi, amevaa koti la kuazima lililomfika vidoleni. Bwana Kalinga alisoma kutoka kwenye karatasi kwamba kwa siku tisa msomaji hakuandika kipimo, kinyume cha maelekezo. Mmoja wa waliokuwapo akauliza, "Kwa nini uliacha wazi?" Masunga akajibu kwamba hakuona ubao. "Ungeandika basi kwamba huoni!" Akasema hapakuwa na mahali pa kuandika. Kisha akanigeukia. Sauti yake haikuwa ya kulaumu, ilikuwa ya mtu aliyemwona jirani yake katika mji wa ugeni. "Huyu dada anajua. Alikuja nyumbani. Nilimwambia."

Wote walinitazama. Fomu yangu ya chuo ilikuwa imekwisha kutiwa sahihi. Nilitakiwa kuripoti mwezi wa saba. Nilisema, "Niliwatembelea wasomaji wengi. Sikumbuki vizuri."

Masunga aliitikia kwa kichwa, kama mtu anayekubali kwamba ndivyo ilivyokuwa, kwamba huenda kweli hakuniambia. Hicho ndicho nilichomfanyia: nilimfanya aishuku kumbukumbu yake mwenyewe. Kibarua cha ubao akapewa mtu mwingine. Zarina hakunisemesha kwa siku tatu, na siku ya nne aliniwekea mkebe wake wa chakula mezani, akakaa dirishani kunipa mgongo. Mwaka uliofuata familia yao ilihama nchi, na hatukuandikiana.

Nilisoma chuo kikuu, nikapata shahada, nikafundisha. Kwa karibu miaka ishirini nimewasimulia wanafunzi wangu habari za chombo cha mwezini: kwamba mashine nzuri hujengwa na mtu anayeamini kwamba wengine watakosea na yeye pia; kwamba ikizidiwa itupe kidogo na ishike kikubwa; kwamba pasipojulikana kitu ni lazima iseme haijui. Wao hunakili vizuri, na hunipigia makofi siku ya mwisho. Sijawahi kuwaambia nilivyojua kwamba ni kweli. Zamani nilitumaini kwamba kufundisha kungekuwa aina ya malipo, na kwamba mahali fulani nyumba fulani itabaki imesimama kwa sababu mwanafunzi wangu mmoja hakuiruhusu mashine inyamaze. Siku hizi sitegemei hata hilo. Somo nililitoa sahihi, kila mwaka, na halikumfikia mtu mmoja aliyelihitaji, aliyekuwa safari ya siku moja kutoka hapa, akiamka asubuhi na jioni kwenda kusoma ubao ambao hakuna aliyemwomba ausome tena. Daftari lake linaonyesha hivyo. Aliendelea kusoma hadi mwaka jana, mwezi wa kumi na moja. Ukurasa wa zile siku tisa umefutwa na kuandikwa upya mara nyingi hadi karatasi imetoboka. Amejaribu namba mbalimbali. Sijui alikuwa akitafuta ipi.

Barua niliyompelekea binti yake ilinichukua wiki nne, na rasimu zake ndefu nilizichoma. Hii ndiyo niliyoiposta.

"Iringa, tarehe 2 Machi 1998.

Mwanangu Kabula,

Baba yako hakukosea. Aliniambia mimi, nyumbani kwenu, wewe ukiwa umezishika nywele zangu, kwamba ubao ulizama na kwamba asichokiona hakiandiki. Nilielewa. Baadaye nilitoa kwenye mashine kitu ambacho kingewazuia watu wasijenge pale, na mbele ya wakubwa nilisema sikumbuki. Nilikumbuka. Uliponiuliza mwezi uliopita nilikupa chai.

Mama yako na wadogo zako hawakufa kwa sababu ya daftari lake. Ningeweza kumwambia hivyo mwaka wowote kati ya miaka hii yote, na nauli ya kuja kwenu nilikuwa nayo. Siombi unisamehe, wala usihangaike kujibu. Barua hii waonyeshe wote waliowahi kumsema.

Daftari nakurudishia. Humu nimeweka pia kadi kumi na mbili zilizofungwa kwa kamba. Mpira wake wa zamani ulikatika. Ukizinyanyua kwenye mwanga utaona matundu. Kadi ya mwisho ndiyo yenye maneno ambayo mashine ingeyaandika, kwa herufi kubwa, ilipofika kwenye siku zile tisa za baba yako: HAPA HAPANA KIPIMO. MUULIZENI ALIYEKUWAPO.

Sekela."